Uchafu wa Dada Turan

Nairuzi, mwaka mpya wa Wairani, ikikaribia, wanawake wa Isfahan huvua mapazia, hushusha mazulia uani na kuyasugua kwa mafagio, huvuta makabati kutoka ukutani na kutafuta vumbi lililojificha nyuma yake tangu mwaka jana. Hata balbu hufutwa. Nyumba ambayo haijatikiswa hivyo kabla ya mwaka mpya, majirani huitazama kana kwamba wenyewe wameacha kuoga. Turan naye hakuwa nyuma. Magoti yalikuwa yanamuuma na umri ulikuwa umemkalia, lakini aliosha, akapiga pasi, akasugua masufuria mpaka yakamwonyesha sura yake ambayo wala hakuwa na haja ya kuiona. Kitu kimoja tu hakukigusa, nacho ni chujio la tangi lake la samaki.

Lilikuwa kisanduku cha plastiki kilichoning'inia nyuma ya kioo, chenye pampu ndogo iliyovuta maji kutoka chini na kuyamwaga tena juu, mchana na usiku, kwa sauti ya mtu anayenong'ona chumba cha pili. Ndani mlikuwa na pete ndogo za udongo wa kuchoma, zimejazwa katika mifuko miwili ya wavu aliyoishona mwenyewe kwa pazia lake kuukuu la chumbani, la rangi ya waridi. Turan alikuwa fundi cherehani, na fundi cherehani wa kweli hatupi kitambaa. Ukiifungua mifuko ile ungekuta tope la kahawia, linateleza, linanuka kama shamba lililonyeshewa. Mtu yeyote mwenye sabuni na akili timamu angelikimbilia bombani. Turan alilitunza tope lile kuliko bangili zake.

"Humo ndimo wanamoishi," alikuwa akimwambia mdogo wake, Nayer. "Samaki anakojoa, anakunya, chakula kinaoza, maji yanakuwa sumu. Hawa bakteria wa kwanza wanaila ile sumu, wanaacha nyingine. Wanakuja wenzao, wanaila hiyo nyingine, wanaacha kitu ambacho samaki anaweza kuishi nacho. Hawaelei tu majini, wanashika kwenye pete, kwenye sifongo. Ukiwapitisha kwenye maji ya bomba yenye dawa, umewaua. Na ukishawaua, samaki wako anaogelea ndani ya mkojo wake."

"Yaani una wajakazi usiowaona," Nayer alisema akimenya chungwa. "Bahati yako, dada. Mimi wangu namwona, amelala pale kwenye kochi, na hakuna anachofanya."

Mume wa Nayer, Behruz, alikuwa kweli kwenye kochi, na alicheka mwenyewe. Ndivyo walivyokuwa wakiishi. Turan ghorofa ya tatu, Nayer ghorofa ya kwanza, jengo moja, na kila chungu kilichopikwa chini kilipandishwa bakuli juu. Mama yao alifariki Nayer akiwa bado anasukwa misuko miwili ya shule. Turan ndiye aliyezichana nywele zile. Wachumba walikuja wakanywa chai wakaondoka, yeye akashona, na mwishowe aliyeolewa ni Nayer, akiwa na mito na magodoro yaliyoshonwa na dada yake mpaka uzi wa mwisho. Turan hakuwahi kulalamika juu ya hilo, kwa sababu hakuwahi kuona kwamba alikosa kitu. Alikuwa na Nayer. Baadaye akawa na samaki.

Walikuwa wale wanaoitwa malaika, wembamba kama sahani zilizosimamishwa wima, mapezi marefu yanawafuata kama shela. Alianza na wawili, jike na dume, wadogo kama sarafu. Wakakua, wakaoana, wakazaa, na watoto wao wakakulia humo humo mbele ya macho yake, kila mmoja na tabia yake: mchokozi, mlafi, mwoga wa kijiko. Turan aliwajua kama mwalimu anavyowajua watoto wa darasa lake.

Basi mwaka huo Pejman, mtoto wa Nayer, alimposa binti wa watu wenye duka la mazulia, na Nayer akapagawa. Mama wa binti, Bi Ezzat, alikuwa mpenzi wa samaki, na siku moja katika mazungumzo Nayer akajikuta anasema, "Ah, sisi tuna tangi sebuleni, refu hivi," akanyoosha mikono yote miwili. Tangi halikuwepo. Wiki tatu kabla ya Nairuzi likapatikana, refu kama alivyoonyesha, likajazwa maji ya bomba na samaki wa kila rangi siku hiyo hiyo. Wiki haikuisha, maji yakawa meupe kama yaliyooshewa mchele, samaki wakapanda juu wakitafuta pumzi, na Nayer akapanda ngazi mbio.

"Dada, nipe chujio lako!"

"Kaa kwanza."

"Sikai! Wanakufa! Wewe si husema chujio ndilo linalosafisha maji? Nipe basi."

"Nitakupa nusu," Turan alisema. "Mfuko mmoja. Lakini si sasa, jike wangu ametoka kutaga, na hawa wengine wamejaa humu kama abiria. Nikipunguza sasa wataumia. Ngoja siku ya kumi na tatu ya Nairuzi ipite, sikukuu iishe, nitakuletea mwenyewe. Kwa sasa rudisha samaki dukani, bakiza wawili watatu, badilisha maji kila siku. Litatulia."

"Nirudishe? Bi Ezzat anakuja kututembelea siku ya tatu ya mwaka mpya! Nimwonyeshe nini, maji?"

"Mwonyeshe biskuti zako za njugu. Hizo hazifi."

Nayer hakucheka. Alilitazama tangi la dada yake kwa muda, malaika wanapita taratibu, maji safi kana kwamba hayapo. Kisha akainama akambusu Turan shavuni. "Umesema kweli, dada. Nimechanganyikiwa tu na huyu mkwe. Nitawarudisha." Na Turan akafurahi, maana Nayer hakuwa mtu wa kukubali jambo upesi namna hiyo.

Siku chache baadaye Nayer alipanda tena, safari hii kafunga kitambaa kichwani, ndoo mkononi. "Nimekuja kukumalizia usafi. Kwa magoti hayo utapanda ngazi ya kukunja wewe? Nenda sokoni ukanunue maua ya meza ya mwaka mpya, na ngano iliyoota, na usirudi upesi. Nikikuona hapa utaanza kunielekeza."

Turan alikwenda. Alichagua maua kwa starehe, akabishana na muuza siki, akaonja halua ya ngano kwenye vibanda vitatu bila kununua popote, na alirudi kwa miguu kupitia daraja, ingawa mto wa chini yake ulikuwa umekauka, ni mchanga tu na watoto wanacheza mpira. Alikuwa na furaha. Alikuwa akiwaza kwamba watu wana watoto wanaowasahau, na yeye ana mdogo anayempandia ngazi.

Nyumba ilikuwa inang'aa. Tangi lilikuwa linang'aa kuliko nyumba. Na nyuma ya kioo, kile kisanduku kilikuwa cheupe, kimesuguliwa pembe zote, ndani yake pete mpya nyeupe pe na sifongo jipya la buluu.

"Nimekushtukiza!" Nayer alisema, mikono kiunoni. "Hata hicho nimekisugua. Kilikuwa kinanuka, dada! Ile mifuko nimeitupa, nikakununulia vitu vipya."

Turan alikaa chini kwenye zulia na maua yake. "Umeitupa wapi?"

"Kwenye taka. Gari limeshapita. Kwani vipi?"

Hapo Turan alisema maneno ambayo hakuwahi kumwambia mdogo wake tangu azaliwe. Alimwita kichwa maji. Alimwambia kwamba masikio yake ni ya kuvalia hereni tu, kwamba ameambiwa mara ngapi, kwamba amemuulia watoto. Nayer akajipiga mashavu, akalia kwa sauti mpaka Behruz akapanda kutoka chini kuuliza nani kafa. Akaondoka huku analia, na Turan akabaki anatazama samaki, ambao bado hawakuwa na habari.

Siku mbili walikuwa salama. Kisha mlafi akakataa chakula. Mchokozi akajibanza pembeni, mapezi kayafunga. Turan alibadilisha maji asubuhi na jioni, akibeba ndoo kutoka jikoni, ndoo kwenda jikoni, kila moja imelala kwanza usiku kucha ili dawa ya bomba itoke. Aliacha kuwalisha ili wasichafue. Alikwenda duka la samaki kuomba japo kipande cha sifongo chakavu, akakuta pazia la chuma limeshushwa: mwenyewe ameenda baharini kaskazini na familia yake, kama nusu ya mji. Duka la pili hivyo hivyo. Ukitaka msiba wako usisaidiwe Isfahan, uchague Nairuzi.

Mashavu ya samaki yakawa mekundu kama yaliyochomwa. Wakawa wanapumua juu juu, midomo nje, na asubuhi akawa anawakuta wamelala ubavu. Aliwazika kwenye makopo ya maua barazani, kwa sababu kuwamwaga chooni hakuweza. Mayai yakaota ukungu mweupe. Mwaka ulipogeuka walikuwa wamebaki jike na dume wale wa kwanza, waliokuwa wakubwa na sugu kuliko watoto wao, na Turan aliwahamishia kwenye beseni la buluu la kufulia ambalo kulibadilisha maji kulikuwa rahisi zaidi. Wawili hao ndio waliobaki katika wote, na alikuwa tayari kubeba ndoo mpaka magoti yaishe.

Siku ya kwanza ya mwaka Nayer alipanda peke yake, kama inavyompasa mdogo kwa mkubwa, kavaa vizuri, macho yamevimba. Hakufika hata kwenye meza ya mwaka mpya yenye kioo na mayai ya rangi. Alipiga magoti mbele ya beseni.

"Nimekuulia samaki, dada. Mimi mpumbavu. Nipige."

Nayer alilia kweli, mabega yanatikisika. Na Turan, ambaye asubuhi ile ile alikuwa amemzika mwoga wa kijiko, alikaa naye sakafuni akamshika kichwa, akakiweka mapajani, akaanza kumpapasa nywele.

"Nyamaza. Mimi ndiye wa kuombwa radhi? Nisamehe wewe. Nilikutukana."

"Nilitaka kukusaidia tu."

"Najua. Hukujua."

"Sikujua, dada. Haki ya Mungu sikujua."

"Basi. Samaki ni samaki. Wewe ni Nayer." Akainuka kwa shida akamletea zawadi yake ya mwaka mpya, gauni la kijani aliloshona kwa siri, lenye vifungo vilivyofunikwa kitambaa kimoja kimoja. Nayer alilikumbatia akalia upya.

"Na wako je?" Turan aliuliza baadaye, chai ikimiminwa.

"Wangu?" Nayer alipangusa pua. "Wamekufa karibu wote. Nimelifunika shuka, sitaki hata kuliona. Usije kwanza, dada, kumevurugika. Njoo Ijumaa, tukae vizuri."

Turan alimwonea huruma. Alilala akiwaza jinsi Nayer atakavyoaibika mbele ya mkwe, na akajilaumu kwamba angempa ule mfuko mmoja siku ile ile alipoomba, pengine yote haya yasingetokea.

Siku ya tatu alishuka kutupa taka. Alikuwa na gauni kuukuu la kazini, mikono imenyauka kwa maji. Kwenye mlango wa kutokea barabarani alikutana na mama mmoja mnene wa kupendeza, manukato yametangulia, nyuma yake mume amebeba boksi la peremende, na binti aliyeinamisha macho.

"Salamu, mwaka mwema! Kwa Bi Nayer ni ghorofa ya ngapi?"

"Ya kwanza. Mwaka mwema na kwenu. Mimi ni dada yake."

"Wewe ndiye Bi Turan?" Bi Ezzat alimshika mikono yote miwili, iliyonuka samaki, bila kusita. "Mama wa pili wa mkwe wangu! Twende, twende."

"Hapana, Bi Ezzat, nitazameni nilivyo. Nina beseni huko juu..."

"Tuingie nyumba ya watu na dada mkubwa yuko kwenye ngazi na takataka? Nitaambiwa sikulelewa. Twende!" Na mwanamke yule alikuwa na nguvu.

Nayer alifungua mlango akiwa ndani ya gauni la kijani. Tabasamu alilokuwa nalo kwa ajili ya wageni lilibaki mdomoni, lakini macho yake yalipomfikia Turan yalikwepa pembeni. "Dada," alisema. "Wewe... karibuni. Karibuni sana. Mmetukanyagia macho yetu, ni heshima kwetu."

Tangi halikuwa na shuka. Lilikuwa limesimama ukutani na taa yake, refu kama mikono miwili iliyonyooshwa, maji hayaonekani kwa usafi, na samaki wote wa rangi wanakimbizana kama watoto wa sikukuu. Turan aliketi alipoonyeshwa. Alifikiri: wamepona! Alifurahi, jamani, hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye, kwamba kitu cha kwanza kumjia kilikuwa furaha. Akamtazama Nayer kumuuliza kwa macho wamepona vipi, na Nayer alikuwa anapanga sahani ambazo zilishapangwa.

Chai ikaja, na njugu, na biskuti. Bi Ezzat aliinua bakuli la peremende, la fedha na shaba, akaligeuza. "Bakuli zuri hili!"

"Halina hadhi mbele yenu," Nayer alisema upesi. "Lichukueni, ni lenu."

"Liko mahali pake panapolifaa, mwenyewe ndiye anayelipamba."

"Wallahi lichukueni!"

"Mungu akuzidishie!" Na bakuli likarudi mezani, kama yanavyorudi mabakuli yote ya mji ule, maana maneno hayo husemwa kama mtu anavyopiga chafya, na asiyejua kuyakataa hualikwa mara moja tu.

"Hili sasa hili," Bi Ezzat akaendelea, akiligeukia tangi. "Hili ndilo nililolifuata. Nayer ameniambia amelitunza peke yake tangu mwanzo. Mimi wangu hufa kila mara, sijui kwa nini. Bi Turan, nasikia wewe ndiye mtaalamu, hebu tuambie, huyu anafanya nini ambacho mimi sifanyi?"

Turan aliinuka kutazama. Watu wengine wakifika kwenye tangi hutazama samaki. Yeye, kwa mazoea ya miaka, alipitiliza pembeni akachungulia nyuma ya kioo, kwenye chujio. Na mle kwenye kisanduku kipya, maji yakipita juu yake, akaona kitambaa cha rangi ya waridi. Mifuko miwili. Mshono wa mkono wake, ule wa kurudi nyuma ambao hufanya pembeni ili uzi usifumuke. Na tope la kahawia, lote, halijaoshwa, halijamwagika hata tone, limebebwa kwa uangalifu kama mtu anavyobeba mtoto mchanga.

Hakuna gari la taka lililopita. Mtu aliyetaka kusafisha angeosha. Huyu hakuosha. Alimtuma akanunue maua, akaitoa mifuko ikiwa mibichi, akaishusha ngazi mbili, akapanda tena akasugua kisanduku kikang'aa ili kuficha wizi kwa usafi. Halafu akaja akalia. Turan alikumbuka uzito wa kile kichwa mapajani mwake. Alikumbuka sauti yake mwenyewe ikisema nisamehe wewe, na akasikia aibu ya ajabu, kana kwamba yeye ndiye aliyekamatwa.

"Eh, Bi Turan?" Bi Ezzat aliuliza. "Unalionaje?"

"Zuri," Turan alisema. "Zuri sana. Hasa hiki kisanduku cha nyuma. Nimekipenda."

Nayer alikuwa ameshika birika. Ulimi wake, ambao umefundishwa tangu utotoni, na aliyeufundisha ni Turan, ulikwenda njia yake bila kumuuliza mwenyewe. "Hakina hadhi mbele yako, dada. Kichukue, ni chako."

"Asante," Turan alisema. "Nakichukua."

Mume wa Bi Ezzat alicheka, akidhani ni utani. Pejman akacheka kumfuata mkwe. Turan alichomoa waya wa pampu ukutani, na ule mnong'ono ukakoma, kisha akapandisha mkono wa gauni mpaka kiwikoni.

"Dada, jamani," Nayer alisema. "Wageni wapo."

"Si umesema ni changu? Au nimesikia vibaya?"

"Dada, acha utani."

Turan alitia mkono, akaishika mifuko yote miwili, akaiinua. Maji ya kahawia yakamwagika kwenye zulia, na walikuwa wamekaa pale watu wa mazulia, lakini hakuna aliyelitazama zulia, kwa sababu Nayer alikuwa ameachia birika na kupiga kelele.

"Usitoe! Ukiitoa watakufa wote! Humo ndimo wana..."

Sebule nzima ilikuwa inamtazama.

"Malizia," Turan alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Humo ndimo wana nini, Nayer? Ndimo wanamoishi nani?"

Nayer aliinama kuokota birika.

"Kumbe ulinisikia. Miaka yote nilidhani naongea na ukuta, kumbe ulisikia kila neno. Ulijua wangu watakufa. Ulijua, ukaja ukaniwekea kichwa mapajani."

Bi Ezzat, ambaye hakuelewa habari ya tope lakini alielewa habari ya dada, alimwaga peremende zote mezani akamsogezea Turan lile bakuli. "Maji yanadondoka, dada. Weka humu."

Turan aliteka maji ya tangi kidogo ndani ya bakuli, ili mifuko isikauke, akautia mmoja. Wa pili alibaki nao mkononi. Aliwatazama samaki wa rangi wakizunguka, wapumbavu, hawajaiba kitu cha mtu. Akaurudisha kwenye kisanduku na kuchomeka waya.

"Nilikuahidi nusu," alisema. "Hiyo nusu yako. Usiwalishe sana."

Alikuwa amefika mlangoni, bakuli kifuani, alipomsikia Nayer nyuma yake. Hakuwa anamwita. Alikuwa anaongea na wageni, kwa ile sauti laini ya kuomba radhi ambayo mtu huitumia kitu kikivunjika. "Msimjali, nawaomba. Maskini dada yangu hakuolewa, ameishi peke yake muda mrefu. Anaongea na samaki. Madaktari wenyewe wameshindwa. Sisi tumemzoea, tunamvumilia tu."

Hakukuwa na daktari yeyote. Turan alisimama kwenye ngazi mlango ukiwa wazi, akingoja mtu aseme neno. Pejman, ambaye suruali yake ya kwanza ya shule aliishona yeye, alikuwa anaokota peremende mezani moja moja. Behruz alisema chai inapoa. Turan akapanda.

Juu alifanya kazi bila kufikiri. Alilijaza tangi maji yaliyolala, akaweka mfuko kwenye chujio, akawasha pampu, akawahamisha jike na dume kutoka kwenye beseni kwa mikono yake, mmoja baada ya mwingine. Walikaa chini wameinama upande. Alivuta kiti akakaa mbele yao, nguo zimelowa, na hapo ndipo alipolia, kwa sauti, bila mtu wa kumwambia nyamaza. Hakulia kwa ajili ya samaki. Alilia kwa ajili ya neno tunamvumilia.

Jua lilikuwa limeshahama kwenye zulia alipoona kwamba mashavu ya dume yanakwenda polepole. Akasogea karibu. Jike alikuwa amefungua pezi la mgongo. Turan alidondosha chembe moja ya chakula, moja tu, kujaribu, na dume akapanda, akaitazama, akaila, akageuka kutafuta nyingine.

"Wamekula!" Turan alisema kwa sauti. Aliruka kitini kana kwamba hana magoti, akachukua simu, na kidole kilikuwa kimeshabonyeza jina la kwanza kwenye orodha, jina ambalo alikuwa akilibonyeza kila kitu kizuri kilipotokea, mteja akilipa vizuri, theluji ikianguka, mayai yakianguliwa. Simu ikaita. Aliisikia ikilia kwa mbali, chini, ghorofa ya kwanza.

"Dada?" Nayer alipokea. Alikuwa anahema, kana kwamba alikuwa amekaa nayo mkononi. "Dada, ni wewe?"

Turan alishika simu sikioni. Habari ilikuwa imejaa mdomoni, wamekula, Nayer, wamekula, na katika mji mzima hakumjua mtu mwingine ambaye angeielewa. Akakata.